Jiwe Lilipogeuka Kijiwe

Ipo siku moja isiyonitoka moyoni, mwanangu. Leo ukiulizwa uko wapi, unajibu, "Niko kijiweni," na kila mtu anajua umekaa tu na wenzako mnapiga soga. Wengi husema neno hilo limetokana na mawe waliyoyakalia vijana wakingoja kibarua, na huenda ni kweli. Mimi maana yake nilifundishwa na Mama Hadija.

Alikuwa mjane kutoka Mnyambe, mwembamba kama ufito, akiponda kokoto chini ya mlima hapa Masasi. Sisi vijana wanne tulikuwa na jiwe letu palepale, kubwa kama lori. Tulilikalia tangu asubuhi, tukisubiri msimu wa korosho, tukisubiri bahati, tukisubiri tusichokijua. Yeye aliwasha moto upande wa pili wa jiwe hilohilo. Likipasuka kwa joto, analigonga kwa nyundo ndogo. Tulimcheka, na niliyecheka zaidi ni mimi. Mara mojamoja alituambia, "Wanangu, sogeeni kidogo." Tunasogea, tunaendelea na maneno yetu.

Misimu ikapita. Siku hiyo akaja kama kawaida.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sogeeni."

Nikageuka. Hapakuwa na pa kusogea. Jiwe zima lilikuwa limekwisha, limebaki pande la kukaliwa na sisi wanne tukiwa tumebanana. Mkono ule mwembamba ulilimaliza tukiwa juu yake, macho wazi, tusione.

Hakutugombeza. Alisema polepole, "Mlipokuja lilikuwa jiwe. Sasa ni kijiwe. Na miaka yenu imepungua vivyo hivyo."

Wenzangu waliguna, wakaondoka. Mimi nilibaki, nikamwomba nyundo. Malengelenge yalinitoka siku ileile, lakini kesho yake nilirudi, na keshokutwa, hadi ukubwani nikawa fundi mwashi. Kokoto za Mama Hadija ziko chini ya nyumba nyingi za mji huu. Binti yake, aliyesomeshwa kwa jiwe lile, amefundisha watoto wa Newala mpaka kustaafu.

Haba na haba hujaza kibaba, walisema wahenga. Nami nimeona haba na haba ikimaliza mwamba. Kukaa na wenzako si dhambi, mwanangu, mtu ni watu. Lakini usikae bila kujua siku zako zinakwenda wapi. Chagua kazi moja, uigonge kidogo kila siku, hata wakikucheka.

Mungu aibariki mikono yako, akupe subira, na akujalie uzee usio na majuto.