Maji ya Kichwa cha Mama

Wifi yangu ni fundi cherehani, na ukitaka kumjua usimtazame macho, mtazame mdomo. Asubuhi mpaka jioni amebana pini kati ya midomo, na anaongea nazo humo humo, anacheka nazo, anagombana na wateja wasiojua viuno vyao, na hajameza hata moja. Kaka aliponiambia anamwoa, niliuliza jambo moja tu: huyu akipiga chafya itakuwaje. Mpaka leo sijapata jibu, maana sijawahi kumsikia akipiga.

Tangu harusi wanaishi nasi, kwa Mama. Mimi namwita wifi, naye ananiita wifi, kwa hiyo mtu akiita jina hilo nyumbani kwetu tunaitika wawili na hakuna anayekwenda. Cherehani iliwekwa chumba cha mbele, chini ya dirisha la upande wa uani. Mama akahamisha kiti chake, akakiweka palipo na mlango wa jikoni, akakaa pale kama askari wa zamu. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kamba ya wifi ilikuwa nywele za Mama.

Ilikuwa hivi. Wiki ya harusi Mama alikwenda saluni kutiwa dawa ya kunyoosha nywele, apendeze kwenye picha. Msusi akanogewa na simu, dawa ikakaa kichwani kupita kiasi, Mama akaungua. Kwenye picha zote za harusi amejifunga kitambaa cha kijani na anatabasamu kwa meno peke yake. Nywele za utosini zilinyonyoka, zikaja kuota kwa mafungu mafungu, na ngozi ikabaki kavu, inawasha. Baada ya hapo hakuna aliyekiona kichwa chake, hata mimi niliyetoka tumboni mwake. Analala na kitambaa, anaamka na kitambaa. Kichwa kikimwasha hupenyeza sindano ya kufumia chini ya kitambaa, anajikuna huku akitazama taarifa ya habari, kisha anasema kwa sauti ya kumfikia aliyeko kwenye cherehani:

"Harusi ina gharama zake."

Mtu mwingine angejibu. Mimi ningejibu, tena ningeongeza. Wifi alikanyaga cherehani tu, lakini neno lilikuwa limemwingia. Siku moja tukianua nguo uani akaniambia, "Wifi, mimi nataka kitu kimoja tu humu ndani. Nataka Mama avue kile kitambaa mbele yangu, nimwoshe kichwa kisiwashe tena."

"Utasubiri sana," nikamwambia.

"Basi nitasubiri nikiwa na kazi mkononi."

Kazi yenyewe ilianza na vitunguu. Mteja mmoja alimwambia kwamba maji ya vitunguu yanaotesha nywele, na kwa kuwa Kaka ana upara unaochungulia, alikuwa wa kwanza kutolewa kafara. Akapakwa, akasuuzwa, akapuliziwa manukato. Asubuhi aliondoka hanuki kitu. Shida ilikuja mchana, jua lilipopanda na kichwa kikaanza kutoa jasho. Kaka anauza rangi kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Alikuwa anamkorogea mteja rangi ya ukuta, mteja akavuta pumzi, akauliza ni nani anayekaanga. Kaka akasema ni jirani. Jirani wa duka lile ni bohari ya saruji.

Mimi nilipewa bamia. Zilichemshwa zikatoa ute, ute ukapakwa, na sisemi uongo, nywele zangu zililainika mpaka kitana kikawa kinateleza chenyewe. Ila mbegu hazikuchujwa vizuri. Nami ni mpokeaji wagonjwa katika kliniki ya meno, nakaa chini ya taa inayoonyesha mpaka dhambi za mtu. Mzee mmoja aliyevimba shavu aliinama kwenye dawati langu, akanitoa kitu kichwani kwa ncha ya vidole, akakiweka mbele yangu. Ilikuwa mbegu ya bamia. Nilimpeleka kwa daktari kabla ya wote waliomtangulia.

Jioni ile nilimrukia wifi maneno mazito, naye akanisikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha akasema kitu ambacho sikukitarajia: kwamba nina haki, kwa sababu fundi hakati kitambaa cha mtu kabla ya kujaribu kwenye kipande. Toka hapo ufundi wake ukaingia kazini. Alichana mabaki ya bafta nyeupe yakawa vipande vyembamba, na kila maji aliyochemsha alichovya kipande, akakianika kwenye kamba ya nguo. Kipande kikigeuka rangi, maji yanamwagwa. Kisipogeuka, alikilowesha tena, akakifunga mkononi kwenye kikunjo cha kiwiko na kushona nacho kutwa. Mkono ukiwasha, maji yanamwagwa. Mwarobaini ulimwagwa. Uwatu ulimwagwa kwa ajili ya harufu, maana hata mito ya kulalia ilianza kunuka viungo. Tangawizi ilimtoa vipele, ikamwagwa kwa hasira.

Kamba yetu ikajaa vibendera, wapita njia wakawa wanauliza tuna shughuli gani. Mama hakukosa neno. "Akili ni nywele, kila mtu ana zake," akasema mlangoni. "Za huyu zimeanikwa juani."

Lakini mimi namjua mama yangu. Nilianza kumwona akienda bombani kuchota maji ambayo hayahitaji, na kila akipita kwenye ile kamba anapunguza mwendo. Mara anashika kipande, mara anakinusa, mara anakiachia kama vile upepo ndio ulioukuta mkono wake. Wifi naye aliyaona yote kupitia dirishani, akaendelea kukanyaga cherehani.

Mchana mmoja tukila, Mama akauliza huku akitazama sahani yake, "Ile ya mwisho kambani, karibu na bomba. Jua limeipiga na bado nyeupe. Ni ya nini?"

Wifi akaweka kijiko chini taratibu, kama anayeogopa kumshtua ndege. "Majani ya mpera, Mama, na rozimari, na bamia kidogo. Nazichuja sana siku hizi. Mshubiri natia mwisho, maji yakishapoa."

"Inawasha?"

"Nimeifunga mkononi tangu juzi. Tazama." Akakunja mkono wa blauzi.

Mama akautazama ule mkono. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na mama yangu ameumwa utosini. Akala tonge moja, akala la pili, sisi tumesimamisha taya zetu. Mwishoe akasema, "Jumamosi. Na mumeo asiwepo."

Sasa tazama jinsi heshima inavyoweza kumponza mtu. Wifi alikuwa na sufuria yake ya majaribio, nyeusi, imekatika mkono, ambayo Mama hakutaka hata kuiona jikoni. Ilipofika Jumamosi akaikataa mwenyewe. Baadaye ndipo alituambia kwamba kichwa cha Mama hakiwezi kuchemshiwa kwenye kitu kama kile. Akachukua sufuria kubwa ya Mama, ile inayong'aa, ya supu. Akachemsha majani yake na bamia zake humo, akaepua, akafunika, akatoka uani kupanga kigoda, beseni na taulo safi. Kaka alikuwa ameshafukuzwa aende kunyoa hizo chache alizonazo.

Mimi nilikuwa jikoni nakula mkate. Mama akaingia. Na Mama hawezi kupita penye sufuria bila kuifunua. Hata ugenini hufunua, akaonja, akarekebisha, na wenye nyumba humshukuru kwa shingo upande. Akafunua. Akaona bamia, akaona majani, na kwa kuwa dawa aliijua ni ya ile sufuria nyeusi, hakushuku kitu. Akachukua kijiko, akaonja, akafumba macho.

"Supu gani hii," akaniuliza, "kama maji ya kusuuzia vyombo. Huyu mtoto ataniulia mwanangu."

Mdomo wangu ulikuwa umejaa mkate, na sufuria ilikuwa ya supu, nami nikaamini ni supu. Mama akatia chumvi. Akakamua limau. Akatia pilipili ya unga kijiko kizima, akakoroga, akafunika vizuri, akaenda kukalia kigoda na uso wa mtu anayesubiri kung'olewa jino. Nyuso hizo nazijua, ndiyo kazi yangu.

Nikawafuata. Wifi aliichukua ile sufuria, akayachuja maji kwa kitambaa, akagusa kwa kiwiko kuona kama yamepoa, akatia mshubiri. Mama alisema kitambaa atakifungua mwenyewe, na fundo lilimshinda mara kadhaa, lakini hakutaka kusaidiwa. Kikaanguka mapajani.

Nilidhani nimejiandaa, kumbe sikujiandaa. Kichwa cha Mama kilikuwa kidogo kuliko nilivyokikumbuka, na zile nywele chache zilikuwa nyeupe kabisa. Sikujua kwamba mama yangu ana mvi. Nilisikia uchungu, nikageuka kutazama bomba.

"Zipo, Mama," wifi akasema. "Zimeota."

"Usinibembeleze. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Mwaga."

Wifi akamwaga bakuli la kwanza, akasugua kwa ncha za vidole, polepole, kama anayelainisha pindo. Mama akashusha mabega. Akamwaga la pili. Mama akajisogeza kidogo kwenye kigoda. Kisha akashika ukingo wa beseni kwa mikono yote miwili.

"Inawaka," akasema. "Inawaka kama ile."

Bakuli likamponyoka wifi. Akafungulia bomba mpaka mwisho, akamwinamisha Mama chini yake, akawa anamsuuza kwa viganja huku midomo inamcheza. "Nimekuunguza, Mama. Nimepima, nimejaribu, na bado nimekuunguza." Akaanza kulia, kilio kile cha mtu mzima ambacho hakina sauti. Hapo nikakumbuka sufuria ya supu, nikaelewa yote kwa mpigo.

Mama alikuwa ameinuka kutoka kwenye bomba, maji yanamchuruzika usoni. Mkono wake umeshakishika kile kitambaa. Kikirudi kichwani leo, nilijua, hakitavuliwa tena mbele ya wifi mpaka tunamzika. Ndipo tone moja likateremka kwenye pua yake likafika mdomoni, naye akalilamba. Akatulia. Akalamba tena, taratibu, na nikamwona anaonja. Kisha akanigeukia mimi.

Tulitazamana. Mama alijua, na alijua kwamba najua. Nilifunga mdomo wangu, wala isidhaniwe ni kwa hekima; nilitaka kuona atafanya nini. Katika maisha yangu sijawahi kumsikia mama yangu akisema amekosea. Akiunguza maharage, husema maharage ya siku hizi hayana subira. Na safari hii hakuhitaji hata kutafuta kisingizio, maana mshtakiwa alikuwa ameshajihukumu mwenyewe, amepiga magoti kwenye maji. Kunyamaza tu kungemtosha.

"Acha kulia," Mama akasema. "Maji yako hayana kosa. Nimeyaunga mimi."

Wifi akainua uso. "Umeyafanya nini, Mama?"

"Nimeyaunga. Chumvi, limau na pilipili. Nilidhani unampikia mumeo, nikamwonea huruma."

Wifi akamtazama Mama, akanitazama mimi kuhakikisha, nami nikatikisa kichwa kukubali. Kicheko kilimtoka kikiwa kimechanganyika na kwikwi. Mimi nilikuwa nimeshaangukia ukuta kwa kicheko. Mama hakucheka. Alikaa wima juu ya kigoda, macho mekundu kwa pilipili yake mwenyewe, akasema tukimaliza tumwambie.

Hatujamaliza, lango la uani likasukumwa. Alikuwa jirani yetu, yule mwenye mdomo mpana kuliko mtaa, amefuata gauni lake. Akasimama pale pale, macho juu ya kichwa cha Mama. Wifi akaruka, akanyakua kitambaa, akakitandaza haraka juu ya zile nywele nyeupe zinazochuruzika maji.

Mama akakishika, akakitoa, akanipa nikitundike kambani.

"Gauni lako bado," akamwambia jirani. "Fundi ana kazi ya mama yake leo. Rudi kesho."

Jirani akarudi alikotoka, kinyumenyume, akijigonga kwenye lango. Mama akajipangusa macho kwa taulo, akamgeukia wifi aliyekuwa bado amesimama, mikono mitupu, hajui aiweke wapi.

"Kachemshe mengine," akamwambia. "Uyachemshe unavyojua wewe. Mimi jikoni sikanyagi."

Wifi akaingia ndani peke yake. Mama akavuta kigoda chake akakisogeza juani, akakaa kichwa wazi, akamngoja.