Wifi na Maelezo ya Ziada

Kwa miaka kumi na miwili, mashine za kiwanda cha uchapaji zilipolalamika, aliyeitwa alikuwa mmoja tu: Mama Diski. Kiini cha mfumo wa kompyuta zake, ile sehemu ya ndani kabisa inayosemezana na vifaa, kiliandika ujumbe mkavu kwenye kumbukumbu: "kusoma kumeshindikana". Kifaa kipi? Hakikusema. Yeye aliguna, akaingia chumba cha mitambo, akachomoa ile diski mbovu yenyewe hasa. Watu walibaki midomo wazi, naye alipenda hivyo.

Kisha akaajiriwa wifi yake, mke wa mdogo wake wa kiume. Mwezi haujaisha, akafanya kila ujumbe wa kiini uhifadhiwe pamoja na maelezo ya ziada: jina la kifaa, namba yake, tundu kilipochomekwa. Sasa hata karani wa mapokezi alisoma na kuonyesha kwa kidole.

"Wifi, umeona? Hutakimbizwa tena kila saa," mke wa mdogo wake alimwambia kwa furaha.

"Nimeona," Mama Diski alijibu, roho ikimwuma. Nani alimwambia amechoka kukimbizwa?

"Mama Diski, siku hizi umeadimika kama mgeni!" karani alimtania koridoni. Naye akacheka kwa meno tu.

Jumatatu asubuhi akayazima yale maelezo kwenye mashine moja kuukuu. Moja tu, waone kama hawatamhitaji. Jumatano ikalia. Akaitwa, akaingia kwa maringo, akachomoa diski ya tatu, ile aliyozoea kuikuta mbovu. Mashine ikazimika. Kumbe diski zilikuwa zimebadilishwa matundu wakati wa usafi wiki iliyotangulia. Aliyoichomoa ilikuwa nzima. Uchapaji ukasimama hadi saa nane mchana.

"Nani aliyazima maelezo?" meneja aliuliza.

Wifi alikwisha kujua, lakini alinyamaza, akitazama viatu vyake. Kunyamaza kule ndiko kulikomshinda Mama Diski.

"Mimi. Wivu tu."

Akapewa onyo la maandishi. Kesho yake wifi akavuta kiti kando yake. "Unajua mengi yasiyoandikwa popote. Diski ipi hupata joto, ipi hulia bure. Niambie, tuyaongeze."

Mama Diski akasema yote, moja moja, kama anayevuliwa bangili mkononi.

Jumapili mdogo wake alipoanza kumsifu mkewe mezani, mke mwenyewe akamkatiza: "Nusu ya yale maelezo ni ya dada yako."

Wote wakamgeukia kwa makofi. Mama Diski akatabasamu, huku ndani akiungua upya: hata kwa wema, wifi alikuwa amemtangulia.