Chafya Ndani ya Kihenge

Kaka yangu hakuamini kwamba kuna Mungu. Nikilisema hilo watu hunitazama kama nimesema alikuwa mwizi. Hakuwa mwizi. Hakuwa mlevi, hakuwa mgomvi, na hakumpiga mke kwa sababu hakuoa. Alikuwa mtu wa maswali tu, tangu tulipokuwa wadogo tunalala mzungu wa nne kwenye kitanda kimoja, kichwa cha huyu miguuni mwa yule. Mama akituambia tusiibe sukari kwa kuwa Mungu anaona, yeye huuliza, "Akiona anafanya nini?" Anachapwa, anafuta machozi, halafu anauliza tena. Wakamwita Kwa Nini, na jina hilo likamganda, lingemfuata mpaka uzeeni kama uzee angeufikia.

Kazini tulikuwa watatu kutoka nyumba moja: yeye, mume wangu na mimi. Lilikuwa ghala la nafaka kando ya barabara ya malori. Nyuma ya ofisi kulikuwa na safu ya vihenge vya chuma, yale mapipa marefu kuliko nyumba ya ghorofa, yamejaa mahindi mpaka juu. Mimi nilikaa chini kivulini, nashona midomo ya magunia, ndiyo maana huko waliniita Mama Sindano. Kaka na mume wangu walikuwa watu wa juu.

Kazi ya juu nieleze vizuri, maana wengi wanadhani mahindi ni chakula tu, hayawezi kumdhuru mtu. Mahindi yanatolewa kwa chini. Yakiwa makavu yanashuka yenyewe, kama mchanga. Yakilowa yanashikana, yanafanya ukoko juu, mgumu, mtu anaweza kutembea juu yake akajiona yuko sakafuni. Hapo lazima mtu aingie kwa mlango wa juu, tundu la kumtosha mtu mmoja, akauvunje ukoko kwa nondo. Mwingine anakaa pale mlangoni kumlinda. Humo ndani ni giza na vumbi, huoni kitu. Anayelinda halindi kwa macho, analinda kwa masikio.

Na vumbi lile lilimfanya kila aliyeingia apige chafya. Sasa kwetu, mtu akipiga chafya, aliye karibu anasema, "Mungu akubariki," naye anaitikia, "Amina." Hakuna aliyelipangia ghala utaratibu huo, lakini ndio uliokuwa utaratibu. Chafya, baraka, amina. Ukiisikia amina unajua mwenzako yuko hai, unaweza kuendelea kutafuna karanga zako.

Kwa kaka yangu mambo yalikwenda kombo. Yeye aliitikia, "Asante, shemeji."

"Asante ya nini? Sema Amina!" mume wangu alikuwa akipiga kelele ndani ya tundu.

"Asante!"

"Amina!"

"Asante sana!"

Huku chini tulicheka mpaka sindano zinatuchoma vidole. Wengine hawakucheka. Walikataa kukaa mlangoni zamu yake, wakisema mtu anayerudisha baraka ataangukiwa na jambo, na wao hawataki kuwa jirani wa jambo hilo. Ni mume wangu peke yake aliyekubali kumlinda. Msimamizi wetu aliona ni sawa tu. Alisema wawili hao wakiwa wanabishana, hana haja ya kupanda ngazi kuhakikisha.

Mume wangu ni mcha Mungu wa kweli, si wa kujionyesha. Akiomba, analia. Na alimpenda kaka yangu kuliko ndugu zake wa tumbo moja. Hilo ndilo lililomtesa. Alishindwa kula akifikiri kwamba mtu yule, mtu mwema kama yule, atakufa hivyo hivyo na wasionane tena mbinguni. Mara nyingi nilimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda anamwombea shemeji yake kwa majina yake yote, pamoja na lile la utani.

Jioni moja tulikuwa mezani, kaka akapiga chafya, vumbi la mchana bado likiwa puani.

"Mungu akubariki," mume wangu akasema.

"Asante, shemeji."

Mume wangu akaweka kijiko chini. "Hivi neno moja linakupunguzia nini? Hata kwa heshima tu. Mtu akikupa mkono, unampa mkono."

"Mimi nakupa mkono," kaka akasema. "Wewe ukisema neno lako, mimi nasikia kwamba upo pale mlangoni. Hujaondoka. Hilo ndilo ninaloshukuru. Nikisema Amina nitakuwa nakudanganya, na wewe si mtu wa kudanganywa."

"Basi nidanganye."

Alisema hivyo kwa sauti ya chini sana. Nikainuka nikaenda kuchukua maji, na wala hatukuwa na kiu. Niliwakasirikia wote wawili. Wanaume wazima wanaumizana kwa sababu ya chafya.

Mwaka ule mvua ilinyesha vibaya. Paa la kihenge cha mwisho lilikuwa na mshono ulioachia, na kila mtu alijua. Fundi wa mabati alisema, msimamizi akasema amesikia. Sikio la kufa halisikii dawa. Maji yakaingia, na baada ya muda kikaanza kutoa harufu kama pombe iliyochacha. Tulipokuwa tunapakia malori, mahindi yakawa yanatoka kidogo, yanakoma, yanatoka tena kwa kishindo. Ukiweka sikio kwenye bati ulisikia kitu kinalia ndani, taratibu, kama mbao ya kitanda kibovu. Mimi niliweka sikio mara moja, sikurudia.

Kaka aliielewa sauti ile kuliko sisi sote. "Tunachota chini, na juu hapashuki," alimwambia msimamizi mbele yangu. "Maana yake katikati pako patupu. Ukoko umebaki peke yake kama dari. Mtu akisimama pale anasimama juu ya hewa."

"Si kuna kamba?" msimamizi akasema.

Kamba ilikuwapo. Ilikuwa fupi. Ilimfikisha mtu pembeni tu mwa kihenge. Anayetaka kufika katikati, ambako ndiko ukoko uliko, anaifungua kiunoni na kuiacha inaning'inia. Wote waliifungua. Msimamizi alijua, na kila alipoambiwa aliahidi ndefu zaidi. Malori yalikuwa yamejipanga mpaka barabarani, madereva wanapiga honi, na mwenye mali alikuwa anapiga simu.

"Leo hii tu," msimamizi akasema. "Kesho tutakifungua kwa chini, tukate bati."

"Kwa nini si leo?" kaka akauliza.

Msimamizi akacheka. "Ndiyo maana wanakuita hivyo."

Nilimshika kaka mkono wa shati. Nilimwambia, "Usipande, kaka. Sema unaumwa." Akaniambia kwamba akikataa yeye atapelekwa mwingine asiyejua hata pa kukanyaga. Akaniambia atakaa pembeni, ndani ya kamba, atagonga kwa mbali. Nilijua haitawezekana kugonga kwa mbali, na yeye alijua. Nilimwachia shati kwa sababu watu walikuwa wanatutazama, na mpaka leo siwapendi watu wale.

Walipanda, kaka mbele, mume wangu nyuma. Nikarudi kwenye magunia yangu. Nilisikia chafya ya kwanza, ile yake kubwa, na baraka, na "Asante, shemeji" ikishuka kwenye bati kama kawaida. Nikashona. Nikasikia tena hivyo hivyo. Halafu kihenge kikatoa mlio wa kukohoa, mkavu, mfupi, na mahindi yakaanza kutoka kwa chini vizuri, mengi, meupe. Wapakiaji wakashangilia. Mmoja akasema, "Kwa Nini amefungua!"

Mafeni ya kukausha yakawashwa, yakavuma, sikusikia kitu kingine. Kilichofuata nilikiona kwa macho. Niliona miguu ya mume wangu inashuka ngazi.

Ngazi ile ni ndefu. Inazunguka kihenge, unapotea nyuma yake, unatokea tena. Alishuka taratibu mwanzoni, katikati nikamwona amesimama, halafu akaja mbio. Alipofika chini uso wake ulikuwa umelowa machozi, na alikuwa anacheka. Sijawahi kumwona na furaha ile, hata siku ya harusi yetu.

Akanishika mabega. "Mama Sindano! Amesema!"

"Nani amesema nini?"

"Kaka yako. Amepiga chafya, chafya ndogo tu, nikambariki, akaitikia Amina. Kwa upole, kama mtoto. Nikamwambia, rudia, akarudia. Amina. Mungu amemgusa humo humo ndani!"

Sindano ilikuwa bado mkononi mwangu. Nakumbuka nilitazama mlango wa juu, ulikuwa wazi, na hapakuwa na mtu.

"Amekwisha toka?" nikauliza.

"Bado, yuko ndani, nimekimbia nikuambie wewe kwanza..."

"Nani yuko mlangoni?"

Kaka yangu alikataa kumdanganya mama, akachapwa. Alikataa kumdanganya msimamizi, akapewa zamu mbaya. Mtu wa namna hiyo hasemi Amina kwa upole kama mtoto. Mtu wa namna hiyo anasema Amina akiwa amebanwa kifua na kila pumzi anayotoa mahindi yanakaza, hana pumzi ya kupiga kelele na mafeni yanavuma. Anajua kuna wakati mmoja tu ambapo mtu wa mlangoni anatega sikio, nao ni baada ya chafya. Ana nafasi ya neno moja fupi. Anatafuta neno ambalo shemeji yake hawezi kulisikia na kubaki ameketi. Analipata. Na kweli, shemeji yake hakubaki ameketi.

Nilipiga kelele wafunge lango la chini. Nikapanda ngazi kwa gauni, mume wangu nyuma yangu ananiita jina langu la nyumbani. Nilipofika nikaingiza kichwa ndani ya tundu, vumbi likanijaa mdomoni. Nikaita. Nikaita kwa kila jina alilowahi kuitwa. Kamba ilikuwa inaning'inia karibu na uso wangu, na chini yake hapakuwa na ukoko tena. Palikuwa na shimo la mahindi, laini, kama faneli ya kumiminia mafuta, na punje za pembeni zilikuwa bado zinateleza kwenda katikati.

Wakakata bati kwa chini, jambo ambalo lilikuwa la kesho. Wengine walikata kwa mashine, wengine wakachota mahindi kwa mikono. Alitoka akiwa amesimama, mkono mmoja juu.

Msimamizi aliandika kwamba marehemu alifungua kamba kwa hiari yake. Funika kombe mwanaharamu apite. Lakini si msimamizi aliyenichoma zaidi. Siku ya maziko uwanja ulijaa watu ambao hawakumtaka hai. Kiongozi wa dini akasimama na kusema kwamba ndugu yetu alipotea kwa miaka mingi, ila saa ya mwisho, gizani, peke yake, aliitwa naye akaitika. Shahidi yupo. Akamwomba mume wangu asimame. Mume wangu akasimama. "Mara mbili," akasema. "Aliitikia mara mbili." Watu wakalia kwa furaha, wanawake wakanikumbatia, wale wale waliokataa kumlinda wakasema Mungu ni mkubwa. Nami nikanyamaza. Nilikuwa na hasira ya kuweza kubomoa ukuta, lakini nilimtazama mume wangu amesimama pale na neno lile moja, nikaona ndilo tu linalomshikilia asianguke. Nikasema moyoni, mwachie. Kaka angemwachia? Sijui. Kaka alisema huyu si mtu wa kudanganywa.

Baada ya wageni kuondoka tulibaki jikoni tunaosha vikombe vya kuazima, mimi naosha, yeye anafuta. Ulikuwa mchana, jua limejaa sakafuni. Hatukuwa tumezungumza kitu zaidi ya "lete" na "chukua". Mdomo wangu ukafunguka bila kuniomba ruhusa.

"Alikuwa anakuita," nilisema.

Hakuuliza ni nani. Alikifuta kikombe, akakiweka juu ya kingine, akachukua kingine.

"Najua."

"Umejua lini? Jana? Leo?"

"Nilijua nikiwa kwenye ngazi. Katikati pale, nilisimama." Alikuwa anatazama kikombe. "Nikajiambia, huyu hajawahi kusema hivi, kuna jambo, rudi. Halafu nikajiambia, acha, shetani anataka kukunyima furaha yako. Nikaendelea kushuka."