Maharagi ya Mbegu Wakati wa Vita

Enzi zetu pale Bunia, mtoto alijua kusoma ganda la haragi kabla ya kusoma Kifaransa. Tukitoka masomo, mama alitupeleka shambani, mimi na yaya Furaha, dada yangu mkubwa. Ganda likiwa kijani, tuliliacha. Likigeuka manjano na kukauka, tulilitikisa karibu na sikio. Mbegu zikicheza ndani, tulijua limeiva. Tuling'oa asubuhi, kukiwa bado na umande, maganda yasije yakapasuka na kumwaga mbegu chini. Kisha tulicheza nzango, mchezo wa kuruka na kupiga makofi, barabarani, vumbi mpaka kwenye nyusi, hadi harufu ya sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, na mawese ituite. Watoto wa leo wakiona udongo kwenye kiatu wanataka kulia.

Msimu ule wa vita, milio ya risasi ilianza kusikika upande wa vilima. Jirani yetu Mama Neema, aliyekuwa amekimbia kutoka mji wa Fataki na watoto wake, aling'oa maharagi yake yote yakiwa kijani. Hakuna aliyemlaumu. Baba naye akataka tufanye vilevile.

"Tungoe yote leo, Mama Furaha. Tukikimbia, wengine watakula."

"Ya kula, tungoe," mama akajibu. "Ya mbegu ingali mutoto. Ukiikausha sasa itajikunja, haitaota."

Basi ikabaki kona moja ya mbegu. Haukupita muda, risasi zikafika mtaani. Tukakimbilia kwenye kiwanja cha parokia, tukalala chini ya shiti, turubai la plastiki, pamoja na familia nyingine. Mvua za mchana zikaanza, na mama akawa anatazama mawingu kuliko alivyotutazama sisi. Alijua mvua ikikuta ganda lililokauka, mbegu huota humo humo ndani au huvaa ukungu.

Asubuhi moja kukawa kimya. Mama akajifunga kitambaa, akatoka. Baba akamfuata. Yaya alinisuka nywele, akafumua, akasuka tena, macho yake yakiwa kwenye geti. Jua lilipofika utosini tukawaona wakija na mizigo ya maharagi mgongoni, wakitembea taratibu kama watu wanaotoka sokoni. Nilimkumbatia mama, naye akanisukuma polepole. "Usivunje maganda," akasema.

Vijana wa pale walitaka kuyaanika juu ya mabati ili yakauke upesi.

"Hapana, wanangu. Mabati inachoma. Ngozi inapasuka, mbegu inakufa ndani."

Akayaning'iniza kwenye baraza, mahali upepo unapita. Baadaye akayapiga kwa kifimbo, polepole, akazitandaza mbegu kwenye mkeka. Kila jioni alitutia moja moja mdomoni. "Luma. Jino ikiacha alama, bado."

Na njaa ilikuwepo. Jioni moja sufuria ilikuwa na lenga-lenga tupu, mchicha bila kitu kingine, na mdogo wetu alikuwa amechoka hata kulia. Baba akashindwa kuvumilia.

"Watoto iko na njaa, na siye tunachunga maharagi?"

Mama aliketi mkekani akachambua: zilizovunjika, zilizojikunja, zenye madoa, zote akazitia kwenye sufuria. Zile nzima akazichanganya na majivu, wadudu wasizitoboe. Machozi yalikuwa yanamtoka. Akasema ni moshi. Tulikula, tukalala.

Tuliporudi nyumbani na kupanda, shamba la Mama Neema lilibaki tupu. Mbegu zake zilikuwa zimeozea chini. Mama akamjazia kitenge.

"Chukua, dada. Ile yako uliingoa ingali mutoto. Si makosa yako, ilikuwa vita."

Akapanda upya, na haikupita wiki mistari ya kijani ikatokea. Mama Neema alicheka peke yake pale shambani, mikono kiunoni.

Siku hizi mashamba yale yamekuwa nyumba. Wanangu wanalijua haragi likiwa kwenye sahani tu, na bado wanalalamikia sosi. Nikiwaambia kwamba mbegu husubiriwa, wanarudi kwenye simu zao, ambazo zikichelewa kidogo kufungua wanazitukana. Nina furaha kwamba wanashiba kuliko tulivyoshiba sisi. Lakini ua wangu una ukuta, wa jirani una ukuta, na jina la mama wa watoto wake silijui. Wakati ule, hata risasi zikilia, mama na Mama Neema walipalilia wakiongea kwa sauti kubwa, kila mmoja shambani kwake, na sisi watoto tulisikia kila neno.