Lori la Tusekile na Kiti cha Baba Mkwe

Mke wangu Tusekile, tuliyemzika mwaka huu, alianza na maharage. Alikuwa dalali pale sokoni Mpemba. Wakulima wa Hasamba walimletea maharage kidogo ya kuonyesha, kwenye kitambaa, yeye anatafuta mnunuzi. Wakipatana, anapata chake. Hakuwa na gunia hata moja la kwake.

Ila aliona jambo. Watu hawakugombana sana juu ya bei. Waligombana juu ya nani atabeba. Basi akaanza kupanga wapagazi, kisha punda. Vita ya pili ya dunia ilipoisha, akataka lori.

Lilikuwa kuukuu, la jeshi, milango imefungwa kwa kamba. Baba yangu, mzee Yonasi, aliuza ng'ombe tukalinunua. Mteja naye akapatikana: Watson, wa ng'ambo ya mpaka, aliyepeleka chakula kwa watu wa migodini. Alisema mzigo ukimkuta Tunduma Jumamosi kabla hajavuka, kazi yote ya kubeba msimu ule ni ya Tusekile. Usipomkuta, anampa mwingine.

Jumamosi asubuhi tunawasha gari, baba huyo, na koti lake la kanisani. Akapanda mbele, kando ya dereva Osea. Ng'ombe ni wake. Nani amshushe?

Sasa sisi ni Wandali, ingawa tulihamia huku Mbozi. Mkamwana haonani na baba mkwe. Hasemi naye. Akimwona njiani, anaingia porini. Na aliyepatana na Watson ni Tusekile, lazima aende. Alinitazama, akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akapanda nyuma pamoja nami, akajifunika turubai katikati ya magunia.

Mvua ikatukuta mlimani. Lori likazama. Osea akasema tushuke wote tusukume. Baba akashuka, akaligeuzia lori kisogo.

"Enyi magunia," alisema, "kama kuna mmoja wenu mwenye miguu, ashuke. Mimi natazama barabara."

Turubai lote likatikisika kwa kicheko. Tusekile akavaa gunia tupu kichwani, akalitoboa tundu la jicho, akashuka. Baba kulia, yeye kushoto, mimi katikati kama ukuta. Tukasukuma. Baba akaanza kucheka, nami nikacheka, nguvu zikatuishia, lori likarudi nyuma.

"Wazee, hii kazi au harusi?" Osea akauliza.

Tusekile akauambia mti uliokuwa kando: "Wewe mti, waambie wakubwa Watson anavuka. Wasukume nikihesabu."

Baba hakuwahi kuisikia sauti ile. Alisukuma kama kijana. Lori likachomoka, likatuacha, tukalikimbiza na tope mpaka kwenye nyusi, Tusekile mbele yetu na gunia lake kichwani.

Tunduma tulimkuta Watson anafunga mizigo ya mwisho. Akamtazama mtu mwenye gunia.

"Mayo, ni wewe?" Ndivyo Wabemba wanavyomwita mama.

Baba akageukia ukuta. "Mwenye lori ni huyo nisiyemwona," alisema. "Panga naye. Mimi nilikuja kutembea tu."

Kazi tukapata. Msimu ulipoisha tukanunua lori la pili. Watu wanasema biashara ilikua. Ni kweli, lakini pia baba alikataa kubaki nyumbani, na Tusekile alikataa turubai. Baba akapanda la mbele, Tusekile la nyuma, hivyo miaka yote.

Baba alipofariki malori yalikuwa manne, na Tusekile alikuwa hajawahi kuuona uso wake. Alimlilia kuliko sisi tuliomzoea.