Vidole vya Beverlyne

Wachuka na Beverlyne walikuwa na saluni moja Ruring'u, na hapo mtaani hakuna aliyesuka nywele za matuta kama Wachuka. Wateja walitoka hadi Kiganjo, wakajipanga kwenye benchi kumngoja yeye. Beverlyne, aliyekuja Nyeri kutoka Kakamega akimfuata mumewe mwalimu, aliosha nywele na kuwasuka wale waliochoka kungoja. Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa, na Wachuka aliyapenda hivyo hivyo.

Siku waliyohamia chumba kikubwa zaidi, walibeba kioo kirefu wao wawili. Kikawaponyoka mlangoni, kikavunjika. Beverlyne alikatwa kwenye kifundo cha mkono. Wachuka alikatwa juu, karibu na kiwiko. Walipofika hospitalini, kila mmoja aligusa vidole vyake vya kulia asivihisi, kana kwamba ni vya mtu mwingine.

Daktari Ngatia alikuwa akifanya utafiti kuhusu majeraha kama hayo. Aliwaeleza akiwa ameketi ukingoni mwa kitanda.

"Tutaushona mshipa wa fahamu uliokatika. Pale tuliposhona tutaweka chembechembe ndogo sana, hata jicho haliwezi kuziona. Zimebeba dawa ndani yake, na zinaiachilia polepole ili mshipa uote tena. Lakini bado tunajaribu. Wengine watawekewa zenye dawa, wengine tupu, na hata mimi sitajua nani amepata zipi mpaka utafiti uishe."

Walikubali wote wawili. Wakalazwa vitanda vya jirani, wakilishana uji kwa mikono ya kushoto na kucheka.

Kicheko kiliisha miezi kadhaa baadaye, asubuhi moja saluni, msimu wa baridi. Beverlyne alikuwa akisuuza taulo. Ghafla akapiga kelele, akimwita Wachuka kwa jina la mwanawe.

"Mama Mwai! Maji ni baridi! Naskia baridi kwa kidole!"

Wachuka alimkumbatia. Alisema Mungu ni mkubwa. Kisha akaingia chumba cha nyuma, akafungulia maji juu ya mkono wake mwenyewe, akangoja. Hakuhisi kitu. Alisimama pale mpaka beseni likafurika, moyoni akisema: dawa amepewa yeye.

Tangu siku hiyo macho yake hayakubanduka kwenye vidole vya Beverlyne. Aliviona vikifunga kifungo, vikiokota pini sakafuni. Baadaye aliviona vikigawa nywele na kusuka, taratibu kwanza, halafu kwa kasi. Na benchi lilelile likaanza kumngoja Beverlyne. Wachuka sasa ndiye aliyeosha nywele, kwa mkono mmoja, akitabasamu hadi mashavu yakamuuma.

Alienda kwa daktari peke yake.

"Daktari, mimi si mtoto. Mwenzangu aliwekewa dawa, mimi nikawekewa hewa. Niongezee na mimi."

"Mama, sijui nani alipata nini. Lakini mshipa huota polepole sana, kama milimita moja kwa siku. Wewe ulikatwa juu, wako uko na safari ndefu."

Wachuka aliyachukua hayo kama maneno ya kumbembeleza. Alirudi saluni, na Shiro, mteja wake wa zamani, alipouliza kama Beverlyne angemsuka kwa ajili ya harusi, Wachuka alijibu kwa sauti ya chini, "Mimi nakuambia tu kama dada. Ule mkono haujapona. Atakung'oa nywele."

Shiro hakuja tena. Alienda saluni nyingine, na huko akaeleza sababu. Maneno yakamfikia Beverlyne, naye akafunga mlango wa saluni mchana kweupe.

"Mama Mwai, ati mkono yangu haijapona?"

Wachuka aliendelea kukunja taulo.

"Ulinilisha uji hospitali. Nilidhani ulikuwa unanifurahia."

"Nilikufurahia," Wachuka alisema. "Halafu nikaona unachukua kila kitu yangu."

Hawakusemezana tena, ila kuhusu maji na mafuta ya nywele, mpaka Daktari Ngatia alipowaita. Utafiti ulikuwa umekwisha. Waliketi viti viwili, nafasi ya mtu mmoja kati yao.

"Wachuka, wewe ndiye uliyepata dawa," daktari alisema. "Beverlyne alipata zile tupu. Yeye alipona mapema kwa sababu jeraha lake lilikuwa karibu na vidole."

Kisha akachukua pini, akamgusa Wachuka kwenye kiganja, akipanda kidogo kidogo kuelekea kidole cha shahada. Pale kwenye shina la kidole, palipokuwa pamekufa ganzi tangu siku ya kioo, Wachuka alishtuka, kama aliyeguswa na nyaya za stima.

"Siwezi kusema ni dawa peke yake," daktari alionya. "Lakini umefika mbali kuliko nilivyotarajia kwa jeraha la juu vile."

Wachuka alimgeukia Beverlyne, akitaka kumwona akifurahi. Beverlyne alikuwa akiutazama mkono ule bila kupepesa, midomo ameikaza. Wachuka aliujua uso huo vizuri. Ulikuwa wake mwenyewe kwa miezi yote ile.

"Kumbe ni wewe," Beverlyne alisema polepole. "Sasa utanishinda tena."

Wachuka alitaka kukana, lakini ndani yake kitu kilikuwa tayari kimeanza kufurahi, na alikionea aibu.

"Shiro nitampigia simu leo," alisema. "Nitamwambia nilidanganya."

"Mpigie hapa. Nikiskia."

Wachuka akatoa simu, akabonyeza namba kwa kidole cha shahada cha kulia, akikosea mara kwa mara, na Beverlyne akamngojea bila kumsaidia.