Kilichobaki Kwenye Tyubu

Katikati ya miaka ya sabini, mwaka wangu wa tatu wa kufundisha baiolojia Iringa, kaka yangu alirudi kutoka masomoni Ulaya. Nikapanda basi kwenda kumwona nyumbani kwa wazazi, Ilomba.

Tukiwa jikoni tunamenya viazi, nikamuuliza alikuwa akifanya nini maabara miaka yote ile. Akasema alikuwa akihamisha matone. Yeye na wenzake walichukua RNA ya kirusi kinachoshambulia bakteria, yaani ule uzi unaobeba maelekezo yake, wakaiweka kwenye tyubu pamoja na kimeng'enya cha kuinakili na malighafi. Baada ya dakika kadhaa, tone moja likahamishiwa tyubu nyingine yenye malighafi mpya, kisha nyingine, mara nyingi mno. Nyuzi zilizonakiliwa haraka ziliongezeka, za polepole zikapotea. Mwishowe uliobaki ulikuwa uzi mfupi, wenye kasi ya kutisha, usioweza tena kushambulia bakteria hata mmoja.

Nikaacha kumenya. Miaka yote nimewaambia wanafunzi kwamba mabadiliko ya namna hiyo huchukua muda usiohesabika. Yeye aliyaona kwa siku chache.

Baba, mzee wa kanisa, alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza.

"Kwa hiyo hicho kilichobaki kilikuwa hai?" akauliza.

"Sijui, Baba."

Sikuwahi kumsikia kaka akisema hajui. Baba akatoka, na mchana ule hakula nasi.

Kaka akaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba wako wataalamu wanaohisi kuwa hapo mwanzo, kabla ya protini, RNA yenyewe ndiyo iliyofanya kazi, hata ya kuunganisha protini za kwanza. Hakuna aliyethibitisha. "Lakini siku moja, mdogo wangu, wataikuza RNA ya namna hiyo maabara, tone kwa tone."

Ubaoni kwangu niliandika kila mwaka: RNA hubeba ujumbe, protini hufanya kazi.

Jumatatu nikawasimulia Kidato cha Nne. Msichana mmoja, binti wa wafugaji wa Kisukuma waliohamia Usangu, akasimama.

"Mwalimu, kwenye mtihani tuandike lipi?"

Nikawaambia waandike la kitabuni. Nilijisikia vibaya hata kabla sijamaliza kusema. Yeye akaketi, akafungua daftari kwenye ile sentensi yangu ya zamani. Hakuifuta. Aliacha nusu ukurasa mtupu chini yake, akafunua mwingine.